Saumu ya Idi Pili

Katika nyumba yangu ya Kilindoni hakuna anayeacha chakula bila mimi kujua. Sisemi hivi kwa majivuno, ingawa hata kwa majivuno ningekuwa na haki. Niliondoka Mafia nimemaliza darasa la saba, na furushi la nguo mkononi. Dar es Salaam nikaosha masufuria mpaka kucha zikalainika, nikasoma sekondari ya jioni, kisha chuo, na nikapata diploma ya upishi na huduma za hoteli. Leo imetundikwa sebuleni kwangu ndani ya fremu, mahali ambapo mgeni akikaa lazima aione. Nimeongoza jiko lenye wapishi wanaume walionizidi umri. Nimerudi nimejenga, nimetandika marumaru, nimefungua mgahawa wangu karibu na uwanja wa ndege. Sahani ikirudi jikoni naitazama tu na kujua aliyekula alikuwa na haraka, ana huzuni, au meno yanamuuma.

Ndiyo maana jambo la binti wa kaka yangu lilinikera hata kabla halijanitisha. Lilitokea mezani pangu, na kwa muda mrefu sikuwa na la kufanya.

Binti huyo alitoka kwa wazazi wake Miburani, hukuhuku Mafia, akaja kukaa kwangu alipoanza kidato cha kwanza, kwa sababu shule iko karibu na nyumba yangu. Tulikuwa watatu: mimi, yeye, na mama yangu mzazi, yaani bibi yake. Wao wawili walikuwa wakitaniana toka asubuhi. Mama alimwita mke mwenzangu, kama mabibi wanavyowaita wajukuu wao wa kike, na mtoto alimjibu, "Mume mwenyewe kaburini, tunagombania nini?" Mwaka wake wa kwanza alikula kama mtoto anayerefuka anavyotakiwa kula. Wali wa nazi, pweza, muhogo, maembe, chochote. Alinawiri. Mimi nilifurahi. Wenzake shuleni, nikaja kujua baadaye, walimwita Kontena.

Mwaka wa pili, Ramadhani ilipokwisha, alisema atafunga zile siku sita za sunna za Mfunguo Mosi. Mama alifurahi mpaka akatoa machozi. Sita zikaisha, akaanza kufunga Jumatatu na Alhamisi pamoja na bibi yake, ambaye amezifunga siku hizo tangu mimi sijazaliwa. Kisha zikaja siku nyeupe za katikati ya mwezi. Kisha akaongeza na nyingine ambazo sikujua ni za nini. Majirani wakapata habari. Wanawake wakija kwetu kuazima kitu walimshika kichwa: "Mashallah, huyu kapata malezi." Na yeye uso wake ukang'aa, maana kabla ya hapo hakuna aliyemsifu kwa jambo lolote isipokuwa kumaliza sahani, na sifa hiyo ilikuwa imeanza kumchoma.

Mimi nilitazama vyombo. Daku nililomwekea nililikuta asubuhi lina utando juu. Magharibi ikiadhiniwa alikula tende moja, akanywa maji, akasema uji umemjaza, na bakuli la uji limepungua kwa kina cha kijiko. Kisha aliondoka kwenda "kusoma na wenzake", na aliporudi vidole vyake vilinukia kile kiungo cha unga cha kwenye tambi za pakiti. Pua yangu imesomea. Walikuwa wakizivunja tambi kavu ndani ya pakiti hiyohiyo, wanamwaga pilipili, wanatikisa na kutafuna mbichi hivyo hivyo, wakishushia na kopo la enaji, kwa sababu mmoja wao aliona kwenye simu kwamba enaji inakata hamu ya kula. Hiyo ndiyo ilikuwa futari ya mtoto wa miaka kumi na minne, katika nyumba ya mpishi mwenye diploma.

Midomo ikampasuka. Kifundo cha mkono kikawa kama cha kuku. Siku moja kwenye mstari wa asubuhi shuleni macho yakamwingia giza, akakaa chini, akasema ni jua.

Nikamwambia mama yangu.

"Unataka kumzuia mtoto na ibada?" akaniuliza. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, hakuinua macho.

"Hiyo si ibada, mama. Huyu anajikondesha."

"Umejuaje? Nia iko moyoni. Umeingia?"

"Mama, mwanamke anayefunga ana siku zake za kula. Mimi ndiye ninayemnunulia pedi. Tangu Mfunguo Mosi hajaniomba hata moja."

Hapo mkono wake ulisimama kidogo juu ya ungo. Kisha ukaendelea. "Mtoto mdogo yule, mambo yake bado hayajakaa sawa. Wewe diploma yako imekufundisha kuwapikia wazungu. Haikukufundisha kupima saumu ya mtu."

 Alikuwa amenishika pabaya. Kumwambia mtoto wa Kiislamu kwamba saumu yake si saumu ni jambo ambalo sikulisomea, na kama nimekosea, nimekosea mbele ya Mungu, si mbele ya meneja.

Kilichonifungua macho ni fundi cherehani. Ilikuwa wiki chache kabla ya Idi Kubwa. Jirani yetu alikuwa anaoza binti yake mkubwa, na harusi iliwekwa Jumamosi ya baada ya Idi. Nikaenda kwa fundi kupima gauni langu. Fundi huyu mdomo wake haufungi hata akishikilia pini kwa meno.

"Dada mkubwa," akasema, "wewe nikupime mwenyewe, au na wewe unaazima kiuno cha jirani?"

"Kiuno changu kikubwa, kinanitosha. Kuna nini?"

Akaninyooshea kidole ukutani. Magauni matano ya rangi ya zambarau yalikuwa yametundikwa, yote mamoja, membamba kama mifuko ya kutilia miavuli.

"Ya mabinti wenu hayo. Yule mwembamba, mdogo wake bibi harusi, ndiye niliyempima. Wengine wanne wakasema, fundi, tumia kipimo hicho hicho, sare ni sare. Nikawaambia, wanangu, watu si matofali. Wakasema, wewe shona, tutaingia."

"Na wa kwangu alisema hivyo?"

"Wa kwako ndiye aliyesema kwanza."

Nililishika lile gauni kiunoni. Viganja vyangu viwili vilikaribia kukutana. Nikatoka pale bila kupimwa.

Jioni ile nilimkuta mtoto uani anafua sare yake ya shule. Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa mbele yake na kumwambia nimeyaona magauni. Akaendelea kusugua kola.

"Nafunga kwa ajili ya Mungu, shangazi."

"Na tambi kavu unakula kwa ajili ya nani?"

Akalitumbukiza shati kwenye povu.

"Mwanangu, unene ni afya. Nitazame mimi. Nani ananicheka?"

Akainua uso. Sikuwahi kumwona na uso ule. "Wewe unene wako una nyumba, shangazi. Una mgahawa. Ukipita watu wanasema umenawiri. Wangu mimi una nini? Mimi nikipita wavulana wanapiga honi ya lori."

  Nikainuka, nikampokea lile shati mkononi na kulisuuza.

Zikaingia siku za mwanzo za Mfunguo Tatu, siku ambazo watu wengi hufunga, na yeye akazifunga zote mpaka Arafa, siku moja kabla ya Idi. Hakuna aliyeweza kumgusa. Nyumba nzima ilikuwa imefunga, mama kafunga, hata mimi nilifunga Arafa. Nilikuwa nikimwangalia akipanda ngazi zetu mbili za mlangoni kwa kushika ukuta, na rohoni nikisema, subiri. Idi inakuja. Idi hakuna anayefunga, na siku tatu zinazoifuata vilevile. Ni haramu, hata mtoto wa madrasa anajua. Siku hizo atabaki uchi, hana saumu ya kujifunika. Niliingoja Idi ile kama askari anavyongoja mtu kwenye kona, na wakati huohuo niliiogopa, kwa sababu sikujua nitamkuta na nguvu gani.

Idi ikawa Jumatano. Nikapika pilau ambalo mtaa mzima uliliulizia. Mtoto akasema tumbo linamsokota. Akachukua tonge moja, akalizungusha sahanini, akaenda kuwapelekea majirani sahani yao na kukaa huko mpaka vyombo vikaoshwa. Mama alinitazama nikiikusanya sahani yake. 

Kesho yake, Idi pili, walikuja wageni, wanawake watatu wa mtaani na watoto wao. Mama alikuwa katika hali yake ya kusifia. Niliposimama mlangoni na sinia la kalimati nilimsikia akiwaambia, "Mjukuu wangu huyu hata Ramadhani ikiisha kwake haiishi." Mtoto aliingia na birika la maji ya kunawa. Mmoja wa wanawake, mnene mcheshi, akachukua kalimati kwenye sinia langu na kumpa.

"Shika, mwanangu, ule. Umekonda kwa kutuhudumia."

"Ahsante, mama," mtoto akajibu, sauti ya chini, ya adabu, kama alivyojibu wiki zote zile. "Leo Alhamisi, nimefunga."

Mtoto mdogo alikuwa anapuliza tarumbeta ya plastiki nje. 

Yule mwanamke akacheka kwanza, kwa kudhani ni utani. Kisha akaona hakuna mwingine aliyecheka. "Umefunga? Idi hii ya pili? Mbona mimi sijawahi kusikia! Unafunga na Waislamu wa wapi wewe?"

"Kasahau siku," mama akadakia haraka. "Watoto wa siku hizi, likizo inawachanganya."

"Asahau Idi? Na pilau lote lile lililonukia mpaka kwangu?"

Birika lilimwinamia mtoto mkononi, maji yakamwagika kwenye marumaru. Nikaweka sinia chini na kumpokea. Nikasema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika kwamba kalimati zinapoa, na kwamba nimezitia hiliki ya Unguja, na kwamba asiyekula leo asije akaniomba kesho. Wakala. Lakini hawakukaa sana, na walipovaa viatu mlangoni niliwasikia wakishusha sauti.

Mama alingoja mpaka hatua zao zikapotea. Akapiga kiganja kwenye mkeka kando yake.

"Mke mwenzangu. Njoo ukae."

Mtoto akakaa. Mimi nikabaki nimesimama.

"Leo umefunga nini?"

"Nimesahau, bibi. Nimeona Alhamisi..."

"Kusahau siku nitakuelewa, na mimi nasahau. Nakuuliza kitu kingine. Mtu hafungi mpaka atie nia. Ulitia nia gani?"

Mtoto aliangalia vidole vyake vya miguu. Nilitaka kusema, maneno yalikuwa yamejaa mdomoni, ya diploma na yasiyo ya diploma. Mama akaniinulia mkono kunizuia bila kugeuka.

"Sikugombezi. Nambie tu. Ulitia nia gani?"

"Ya gauni, bibi."

"Na Jumatatu?"

"Ya gauni."

"Na Arafa?"

Hapo mtoto akalia. Hakulia kwa kelele, mabega tu yalikuwa yakiruka, na chini ya kitambaa cha gauni lake la Idi mifupa ya mabega yale ilionekana kama ya ndege aliyenyonyolewa. Mama alimtazama kwa muda mrefu. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alimtazama yeye mwenyewe, siyo saumu yake. Akamshika kifundo cha mkono, akakizungushia kidole gumba na cha shahada, na vidole vikapitana.

"Ya rabi," akasema polepole. "Na mimi nimekaa nawatangazia watu."

Kisha akanigeukia. Hakuniomba radhi; mama yangu hana desturi hiyo na mimi sikuitarajia. "Na wewe mwenye diploma, umesimama unangoja nini? Leta chakula."

Mtu mwingine angeleta pilau la jana. Mimi najua tumbo lililofungwa kwa wiki nyingi halifunguliwi kwa nyama. Nilichemsha samaki changu mbichi kwa maji mengi, ndimu na chumvi kidogo, nikaponda viazi viwili ndani ya mchuzi wake, nikaupoza. Niliporudi walikuwa wamekaa vilevile. Mama akachovya kijiko na kukipeleka mdomoni mwa mtoto, kama anavyolishwa mgonjwa.

Akapokea. Akakiweka mdomoni. Hakumeza.

Tulikaa. Shavu lake moja lilikuwa limevimba kwa mchuzi ule mdogo, macho yamekodoka, na nilimwona kooni akitaka na hataki. Nilifikiria mlango wa uani, kwamba akikimbia kutema nitamkamata, na nikimkamata nitamfanya nini? Mama hakumhimiza. Alikuwa akimsugua mgongo tu, juu na chini, na kusema, "Taratibu. Hakuna anayekupima hapa. Taratibu."

Akameza. Kisha akasema, "Jumamosi sitaingia kwenye gauni."

"Gauni niachie mimi," nikasema.

Ijumaa asubuhi nilimpeleka hospitali, na muuguzi akasema damu iko chini, akampa dawa na maelekezo ambayo mimi, kusema kweli, nilikuwa nikiyajua. Kutoka hapo nikaenda moja kwa moja kwa fundi. Nikamwambia aongeze kipande kila ubavu, katika magauni manne, kwa gharama yangu, na ayamalize kabla ya Jumamosi mchana. Akalalamika kwamba kitambaa cha zambarau kimekwisha. Nikamwambia atie cheusi, aseme ni mtindo.

Habari ikafika kwa akina mama wa wale wenzake kabla sijafika nyumbani. Mmoja alinijia mpaka mgahawani. "Nani kakutuma uchezee nguo ya mwanangu? Kwani wangu kakwambia hali chakula?"

"Muulize tambi kavu zinauzwa wapi. Atakwambia."

"Wewe umerudi kutufundisha kuzaa, na wewe hujazaa."

Lile lilinipata. Lakini nilikuwa nimeshika mwiko, na nina kanuni ya kutojibu mtu nikiwa nimeshika mwiko. Alikwenda kwa fundi akamkataza, na gauni la binti yake likabaki lilivyokuwa.

Aliyekuja jioni ni yule binti mwembamba, mwenye kipimo. Nilimdhania ndiye kiongozi wa mambo yote. Alisimama mlangoni akisokota ncha ya mtandio, akamwambia wa kwangu, "Mimi sikuwaambia msile. Mimi nakula. Nakula kuliko nyinyi wote, ndivyo nilivyoumbwa. Nyinyi ndio mlionisimamisha kwa fundi."

"Basi haitakuwa sare tena," wa kwangu akasema.

"Itakuwa ya watu watatu na ya watu wawili. Nani atajua?"

"Kila mtu atajua. Picha zitarushwa."

"Zirushwe basi. Mimi nimechoka kula kwa kujificha nyuma ya choo cha shule."

Harusini wa kwangu alivaa gauni lenye ubavu mweusi. Kwenye picha alisimama nyuma ya wenzake, mkono kaushusha kufunika kile kipande. Mvulana mmoja alipiga ile honi ya lori kwa mdomo. Yule mwembamba akamgeukia na kumwambia neno ambalo binti wa nyumba ya harusi hatakiwi kulijua. Biriani lilipokuja, nikamwona wa kwangu akila kidogo, akisimama, akitazama pembeni, akila tena. Yule binti ambaye mama yake alikataa gauni liongezwe hakukaa hata mara moja tangu mwanzo mpaka mwisho, kwa sababu nguo haikumruhusu kukaa.

Lakini niliyoiogopa haikuwa Jumamosi. Jumamosi bado ilikuwa ndani ya siku ambazo hakuna kufunga. Nilikuwa naiogopa Jumatatu.

Jumatatu saumu ilikuwa halali tena, tena siku nyeupe juu yake. Asubuhi ile nilikaanga mayai, nikakata mkate wa kumimina, nikachemsha chai ya maziwa. Mama alikuwa kwenye mkeka wake, tasbihi mkononi. Mtoto alitoka chumbani na sare ya shule, mkoba begani. Akasimama katikati ya mlango wa jikoni, si ndani wala nje.

"Bibi, leo Jumatatu."

"Najua," mama akasema.

"Watu wanafunga."

"Wanafunga."

Nilimgeuzia mgongo nisionekane uso. Kama mama angesema "kula," mtoto angekula leo na kesho angetafuta njia nyingine. Kama angesema "funga," tungerudi tulikotoka. Mama akahesabu punje mbili tatu za tasbihi.

"Na wewe bibi umefunga?"

"Sijafunga."

Mtoto akashtuka, na mimi nikageuka. Miaka yangu yote sijamwona mama yangu akila Jumatatu mchana, hata alipokuwa na homa, hata mwaka aliomzika baba.

"Kwa nini?"

"Nakungoja wewe. Njaa inaniuma, na shangazi yako ananitesa na harufu ya mayai."

Mkoba ukashuka begani. Akakaa kwenye mkeka, karibu na bibi yake, goti kwa goti. Niliweka sinia moja katikati yetu, nikamimina chai, nikakaa nami. Alimega mkate kipande kidogo, akakitazama, akakichovya kwenye chai. Akala. Akachukua yai. Alitafuna muda mrefu, nami nilikuwa nikimtazama mdomoni bila haya.

"Shangazi," akasema, "mayai yamezidi chumvi."

Hayakuzidi. Mimi sizidishi chumvi. Muulizeni mtu yeyote aliyewahi kula mkononi mwangu. Lakini alikuwa anatafuna bado, na mkono wake ulikuwa unarudi kwenye sinia. Nikamwambia kweli, yamezidi kidogo, aongeze mkate.